Sakafu Juu ya Sakafu

Somoe mwanangu,

Mie mzima. Wewe najua u mzima, maana sauti yako naisikia kutoka uani kwa Mama Zai, unacheka huku unasukwa. Kwa hiyo mambo ya afya tuyaache. Nina hofu mbili, wewe na hii sakafu, na leo hata sijui nianze na ipi.

Naandika nimekalia ndoo niliyoipindua hapa mlangoni mwa jikoni, ufagio wa chelewa mkononi, nalinda simenti mbichi isikanyagwe na kuku. Fundi Nasoro kamaliza kusawazisha alasiri, akapima na ile pima maji yake, akatoka kinyumenyume huku anafuta nyayo zake kwa mwiko. Akaniambia, "Mama Somoe, hapa hata paka asipite. Ubao pia usiweke, utazama. Mpaka kesho kutwa." Halafu akapanda bodaboda akaenda zake, na mie nimebaki askari wa jiko ambalo siwezi hata kuchemshia chai.

Ningeweza kukusubiri tuongee. Lakini tangu lile jambo la nyundo, tukianza kuongea mie na wewe tunaishia kwenye kelele, na wapangaji wanapunguza redio wasikilize. Kwa hiyo nimechana karatasi kwenye daftari lako la zamani. Shule niliishia darasa la nne, unajua. Mwandiko ukipanda mlima usinicheke, na ukishuka bondeni usinicheke vilevile.

Sitakuambia uvae sweta. Kila mtu kakuambia Karatu uendako kazini ni baridi. Sitakuambia ule, usali, upige simu, usilale kwenye basi begi likiwa miguuni. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu, na mengine siku hizi wewe ndiye unaniambia mie. Nataka kukuambia habari ya hili jiko, kwa sababu umesema huondoki kwa ajili yake.

"Siondoki, Mama, mpaka marumaru zilale. Hotelini nitawapigia niwaambie wiki ijayo."

Ndivyo ulivyosema mchana mbele ya fundi, kirahisi tu, kama mtu anayeahirisha kwenda gengeni. Halafu ukaenda kusukwa. Mtu asiyesafiri anasukwa twende kilioni ya nini, Somoe? Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kuandika, maana nikasema, kumbe moyo umeshapanda basi, ni kichwa tu kimebaki.

Wanakutaka jikoni mwao kesho kutwa. Ule ujumbe ulinisomea wewe mwenyewe, unasoma huku unaruka. Na ulinitajia yule mwenzako mliyesoma naye upishi, kwamba ukichelewa siku moja tu yeye yuko tayari, begi mgongoni. Wiki ijayo kazi hiyo haipo, mwanangu. Wiki ijayo kuna Somoe anakoroga uji koridoni hapa Mtoni, na marumaru nzuri.

Wazo lako lilikuwa zuri, Mungu akulipe. "Mama, nataka nikiondoka nikuache na jiko jeupe." Fundi atoe zulia la plastiki, afagie, apake gundi, abandike, basi. Siku ya mwisho tupike pilau mle ndani, tukae chini kwenye weupe wetu tule. Maboksi ya marumaru yakaja na guta, yakapangwa sebuleni, na mpaka leo yako pale. Nimeyatandikia kitambaa, wageni wanayakalia. Mama Zai juzi kaketi akajifuta jasho, akaniuliza kama nimebadilisha makochi.

Fundi alipolikunja lile zulia siku ya kwanza, mie nilikuwa koridoni napepea mkaa. Nikasikia kimya. Fundi akinyamaza ujue kuna jambo. Kisha nikasikia nyundo, ko, ko, ko, halafu du. Akasogea, akagonga tena, du.

"Mama Somoe, sakafu yako inalia ngoma."

"Inalia kwa nini?"

"Chini kuna uwazi. Nikibandika juu ya hii, masika hayaishi, zinabanduka kama magamba ya samaki."

"Sasa?"

"Sasa tuvunje tuone."

Tuvunje tuone! Neno hilo limenitesa kuliko njaa. Akavunja akakuta simenti ya kijivu, nyembamba kama chapati ya maji. Chini yake kifusi. Chini ya kifusi simenti tena, na kifusi tena, vipande vya matofali, vizibo vya soda, na ndala ya baba yako ya mguu wa kushoto, ile tuliyoitafuta mpaka tukamsingizia mbwa wa watu. Kila asubuhi unatoka chumbani unamuuliza, "Fundi, leo unabandika?" na yeye jasho linamtoka anakujibu, "Sista, bado nachimba historia." Ukacheka sana. Mie sikucheka. Historia hiyo ni yangu, na nilijua mwisho wake ataikuta ile sakafu nyekundu.

Nisikufiche, hizi siku zimenichosha roho. Vumbi limeingia kwenye unga, kwenye sukari, kwenye mito ya kulalia. Napika koridoni, mpangaji wa chumba cha kwanza akitoka anaruka sufuria na kusema "samahani, Mama mwenye nyumba," kwa sauti ya kunisuta. Fundi leo anakuja, kesho ana msiba, kesho kutwa mchanga haujafika. Watu wa kwao wanakufa sana, maskini. Na wewe kila ukiangalia kalenda ya simu unazidi kununa, na mie ukinuna najiona nimekosa, na nikijiona nimekosa nakasirika. Ndivyo nilivyo. Baba yako aliwahi kuniambia, "Wewe ukiwa na aibu unafoka."

Katika kuchoka huko nikafanya nililofanya. Ile nyekundu ilipotokea, nikamvuta fundi pembeni.

"Nasoro mwanangu, hiyo iache. Bandika juu yake. Mtoto anaondoka, nataka azione marumaru zake."

"Mama, na hii nayo inalia."

"Naisikia. Bandika."

Akatikisa kichwa. "Nyumba yako, Mama. Ila zikibanduka usiniite."

Kumbe wewe unatoka kuoga, umesikia kila neno. Ukaja na kanga yako imelowa, povu bado sikioni.

"Mama, umemwambia abandike juu?"

"Kwani kuna ubaya gani? Si imekaa miaka yote hiyo?"

"Imekaa imeoza! Chini pameoza, na wewe siku zote ulikuwa unapiga deki juu!"

Ukachukua nyundo kubwa ya fundi. Sikuamini kama utapiga. Ukapiga. Ikapasuka kwa pigo moja, kama biskuti, na mie nikapiga yowe kama nimefiwa. Nikakuambia lile neno: "Si uondoke tu! Sakafu hii umeijenga wewe?" Ukaniangalia, umetulia kabisa, ukasema, "Basi siondoki. Nitakaa hapahapa mpaka nikuone umemaliza kitu kimoja katika maisha yako."

Sikulia mbele yako. Nililia baadaye nikikata vitunguu, kitunguu kikabeba lawama.

Sasa sikiliza kwa nini nilipiga yowe.

Ile nyekundu tuliipiga wenyewe, mie na baba yako, wewe ukiwa unatambaa. Alikuwa kuli bandarini. Jumapili moja akaja na simenti na unga wa rangi nyekundu, akasema, "Mama Somoe, leo jiko lako linaachana na udongo." Fundi hatukuwa naye. Tukachanganya, tukasawazisha kwa ubao wa kitanda, kisha nikapiga niru kwa mikono hii, ule uji wa simenti wa kung'arishia, nimepiga magoti mpaka magoti yakatoka malengelenge. Wewe tulikufunga kwa kanga kwenye mguu wa meza ya uani usije ukatambaa humo, ukalia mpaka majirani wakaja kuuliza. Ilipokauka nikawa naisugua kila asubuhi kwa nta na kumbi la nazi. Ukiinama unaona meno yako. Safu yetu yote ya nyumba walikuwa bado kwenye udongo. Wanawake wakija kuomba kaa la moto wanavua ndala mlangoni. Mie binti wa Newala niliyekuja mjini na kanga mbili, leo ni mtu wa kuvuliwa ndala! Kichwa kikavimba, usione hivi.

Haukupita muda mjomba wako Hemedi akaja. Kapata kiwanja Kimara, kwenye mwinuko, kikubwa kuliko uwezo wake wa kujenga. Alikaa hapahapa nilipokaa mie sasa.

"Dada, huku bondeni mto ukikasirika mtaogelea. Njooni tugawane kiwanja, mjenge upande wenu."

Baba yako akaniangalia. Alitaka kwenda, niliona kwenye macho. Lakini akaniachia mie nijibu.

"Hemedi, sakafu yangu hata haijakomaa. Niiache?"

"Watu wanahama na vitanda, Dada. Wewe unataka uhame na sakafu?"

"Nimeipiga kwa mikono yangu."

"Haya, kaa nayo, Bi Sakafu."

Jina likanikaa mwilini. Mpaka leo akipiga simu anaanza, "Shikamoo Bi Sakafu, huko kumekauka?" Wewe ulikuwa unadhani ni utani wa ndugu tu, na mie nacheka, maana nisipocheka atajua.

Masika yaliyofuata maji yakaja. Yalipandia chooni, yakapita uani, yakaingia jikoni taratibu kama mgeni anayejua njia. Nikakufunga mgongoni nikapanda juu ya meza, naangalia wekundu wangu unapotelea kwenye tope. Yalipokauka, sakafu ilikuwa palepale, nzima kwa kuiangalia. Fundi wa wakati ule akasema aifumue aangalie chini. Nikakataa. Idi ilikuwa inakaribia. Wageni waje wakute jiko limefumuliwa? Tukamwaga kifusi juu, tukainua, tukapiga simenti nyembamba, Idi ikapita vizuri, watu wakasifu. Kumbe chini mchanga ulishaondoka na maji, nyekundu yangu imebaki imeelea kama mfuniko wa chungu.

Maji yakaja tena mwaka mwingine, tukainua tena. Ukiinua sakafu, mlango unakwama, kwa hiyo tunaukata chini. Umewahi kujiuliza kwa nini mlango wa jikoni kwetu ni mfupi kama wa banda? Baba yako alikuwa mrefu. Mwisho akawa anaingia jikoni kwa kurukuu. Siku akisahau tunasikia paa! kwenye fremu, na yeye anashika paji la uso, "Bi Sakafu, utaniua." Na kila Hemedi alipolitaja tena lile pande la kiwanja, nilikuwa najibu: sasa hivi, baada ya kuinua yote haya? Sakafu ya kwanza ilinizuia kwenda, na zilizofuata nilizipiga ili ya kwanza isionekane ya bure. Baadaye Hemedi akaoa, akajenga mpaka ule upande wetu. Hakutukosea.

Zulia la plastiki ndilo la mwisho, na hilo unalikumbuka. Nililitandika kabla ya arobaini ya baba yako. Nyufa zilikuwa zimeanza kutoa sisimizi, na wanawake wangekaa humo kupika. Nikachagua lenye maua ya bluu. Mama Zai akasema, "Mwenzangu, jiko limependeza mpaka msiba umepungua." Nikamshukuru. Watu walipotawanyika nikapita peku pale karibu na karo, nikasikia chini panabonyea. Nikaondoa mguu. Sikumwambia mtu. Unyevu niliujua, Somoe, na harufu niliijua. Ulipokuwa unaniuliza, "Mama, jikoni pananuka nini?" nikawa nakuambia dagaa. Maskini dagaa wa watu.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Huruma yako siitaki, ukiwa na huruma unaosha vyombo kwa nguvu na vikombe vinavunjika. Nakuandikia kwa sababu mchana ulipomwambia fundi "siondoki mpaka marumaru zilale," nilisikia sauti yangu mwenyewe. Ile ya "haijakomaa, niiache?" Nywele zikanisimama. Ulipokua na pua ya baba yako na urefu wake nikasema alhamdulillahi, nimesalimika. Kumbe ulinichukulia ubishi.

Utasema, "Mama, mie si kama wewe, mie navunja." Kweli. Na kwa hilo nyundo yako ilikuwa na haki, nakuandikia kwa sababu mdomo wangu haujui kusema. Fundi alipoiondoa nyekundu, chini kulikuwa na pango mkono unaingia mpaka kiwiko. Miaka yote hiyo nimesimama juu yake nasonga ugali. Akatoa kifusi chote, akashindilia udongo mpya, akamwaga kokoto, akatandaza nailoni ya kuzuia unyevu, akamwaga zege. Jiko limeshuka likarudi chini lilikokuwa. Zege ilipokomaa nilisimama mle peke yangu nikaangalia fremu ya mlango ilivyokuwa juu. Baba yako angepita wima.

Kuvunja ulipatia. Kubaki ndiko unakokosea. Mtu anaweza kukaa kwa sababu ya sakafu mbovu, na anaweza kukaa kwa sababu ya sakafu nzuri, na ukikaa umekaa, anayekusubiri huko mbele hatauliza ilikuwa ipi. Sisemi kwamba Mtoni pamenitupa. Hapa nimezaa, hapa nimezika, hapa nikiumwa Mama Zai anajua kabla yako. Pengine hata Kimara ningekwenda ningekuta mengine. Kinachoniuma ni kwamba sikukaa kwa kutaka kukaa. Nilikaa kwa sababu kuna kitu kilikuwa hakijakauka.

Na huko uendako utaharibu vitu, usidhani hutaharibu. Utaunguza chakula cha wageni wakubwa, utaweka chumvi mara mbili, utamjibu vibaya bosi wako maana mdomo huo naujua unakotoka. Siku hiyo usitafute zulia la maua. Sema "nimeunguza," wafoke, umwage, uanze upya. Naambiwa inauma siku moja tu. Mie sijui, sijawahi kujaribu. Leo hii asubuhi fundi alipotaka kuweka hii ya kusawazisha, nilimwambia, "Si ubandike tu juu ya zege?" Akaniangalia kama ninaumwa. Kwa hiyo usije ukawaambia watu mama yangu kajifunza. Mama yako bado.

Tuje kwenye begi.

Fundi alipokuwa anakoroga simenti, nilikuambia, "Toa begi lako stoo kabla hajamwaga." Ukasema ndiyo. Fundi naye akakuambia, "Sista, nikishamwaga, stoo haifikiki." Ukasema ndiyo. Halafu ukavaa mtandio ukaenda kusukwa. Na hiyo stoo unaijua, mlango wake uko humu ndani ya jikoni, ukuta wa mwisho, na dirisha lake lina nondo hata kuku hapiti. Nilipokufuata kwa Mama Zai ukaniambia umesahau, macho yako kwenye kioo.

"Umesahau?"

"Nimesahau, Mama. Ndiyo imeshakuwa. Begi litatoka kesho kutwa, na mie nitatoka hivyohivyo."

Mama Zai akajifanya anatafuta kitana, na kitana kiko mkononi mwake.

Somoe, wewe hujawahi kusahau kitu tangu uzaliwe. Unakumbuka mpaka shilingi niliyokuazima ukiwa darasa la pili. Mtego wako ni mzuri, nakusifu. Nguo zako zote mle, visu vyako mle, cheti chako mle, na mlangoni umeniweka mie na ufagio. Unamjua mama yako. Unajua sakafu mbichi haikanyagi.

Kuku wamelala sasa. Isha imeshaadhiniwa. Simenti inang'aa kidogo kwa taa ya koridoni, na imenyooka, mwanangu, imenyooka vibaya. Sijawahi kuwa na sakafu iliyonyooka hivi. Hata ile nyekundu haikuwa hivi, ilikuwa na mteremko, ukidondosha kitunguu kinajipeleka mpaka mlangoni. Hii nimeiangalia tangu alasiri na nimeshaanza kuipenda. Nimeshaanza kujisemea, kwani siku mbili ni nini, watamsubiri, watu wa hoteli ni waelewa.

Ngoja kwanza.

Nimerudi. Kalamu inateleza, samahani kwa haya madoa.

Nilivua ndala. Sijui kwa nini nilivua, mazoea tu. Mguu wa kwanza nilipouweka nilitaka kuurudisha, lakini alama ilishabaki, nikaona basi. Wa pili ukazama, baridi, ukatoa sauti kama ugali ukigeuzwa. Nikaenda mpaka stoo namtaja Mungu na kumtukana fundi hapohapo. Begi nikalipata, nikalitwisha kichwani, nikageuka. Nyayo za kwenda hazikuzama sana, ila za kurudi zimezama kweli, maana begi lako zito kama gunia la chumvi. Katikati niliyumba nikajishika chini kwa mkono, kwa hiyo kuna miguu na kuna kiganja.

Imeharibika vizuri sana. Fundi Nasoro kesho atanifokea kama anamfokea mtoto, kisha atakoroga simenti kidogo, ataziba, ataisawazisha upya, na atatangaza Mtoni nzima kwamba Mama Somoe kazeeka. Acha atangaze. Marumaru zitabandikwa wewe ukiwa kazini kwako, na nitakupigia ile simu ya picha uzione. Ukiona moja imepinda usiniambie.

Begi nimelifuta vumbi. Nimeliweka sebuleni juu ya maboksi, karibu na mlango wa mbele, na karatasi hii naiweka juu yake kabla hujarudi. Ukiingia utanikuta nimelala. Sitakuwa nimelala, lakini usinisemeshe, tutagombana. Alfajiri nitagonga mlango wako, tutatoka kwa mbele. Usipite jikoni kuangalia. Kuna nini cha kuangalia?

Mjomba wako atatusubiri stendi ya Mbezi kukuaga. Nimesugua miguu kwa maji na jiwe, lakini simenti imeng'ang'ania kwenye kucha na kisigino, nadhani haitatoka leo. Hemedi akiniita Bi Sakafu mbele za watu, usicheke naye. Mwonyeshe miguu yangu.

Mama yako